Banda la gari linavuja, mafundi wawili wana majibu mawili. Niezeke upya au nitapigwa?

#1 BabaZuu
Wakuu, salaam. Nipo Tabata Segerea. Nina banda la gari nililolikuta wakati nanunua nyumba. Nyuma limeegemea ukuta wa jikoni, mbele linaishia getini juu ya nguzo mbili za chuma. Kulia ni kwa jirani, kushoto ni kibaraza changu. Urefu mita 6, upana mita 3 na nusu. Limeezekwa zile bati za plastiki za kupitisha mwanga, vipande viwili viwili vimepandana katikati. Zimeshakuwa njano na ukizibonyeza zinakatika.

Linavuja. Silikoni nimeweka, lami nimepaka, turubai la lori nimetandika wakati wa vuli na upepo ukalihamishia kwa jirani. Fundi wa kwanza anasema ng'oa plastiki, piga bati za migongo midogo geji 30 (geji ni namba ya unene) juu ya papi zilezile, yaani mbao zinazoshikilia bati, asubuhi mpaka jioni kazi imekwisha. Fundi wa pili alipanda na pima maji, akashuka akasema banda limelala mno, hata ukiezeka dhahabu litavuja. Nimepima mwenyewe: upande wa ukutani umezidi wa getini kwa sentimita 25 hivi. Masika hiyo inakuja. Nani mkweli?

#2 Sikujui
Picha mkuu. Paa haliezekwi kwa maneno.

#3 InjiniaWaSebuleni
Fundi wa pili. Sentimita 25 kwenye mita 6 ni kama sentimita 4 kwa kila mita, yaani nyuzi mbili na nusu hivi. Bati za migongo midogo kawaida zinataka angalau nyuzi 5, na hapo ni bati nzima isiyo na kiungo. Kwa banda lako nyuzi 5 ni kunyanyua ukutani mpaka sentimita 52 hivi. Ukitaka nyuzi 10, andaa mita nzima na kidogo. Chini ya hapo maji hayakimbii, yanatembea, na yakikuta kiungo yanaingia.

#4 FundiNyundo
Hesabu za #3 nazikubali, ila hajauliza la muhimu. Baba Zuu, hizo plastiki zimepigiliwa mgongoni au bondeni? Na ni misumari au skrubu? Nimefungua mabanda mengi huku Kinyerezi, unakuta mtu kapiga msumari bondeni, kwenye njia yenyewe ya maji. Halafu plastiki inatanuka na jua kuliko chuma, tundu linapanuka. Hapo lawama ni ya nyundo, siyo ya mteremko.

#5 BabaZuu
Misumari ya kofia. Mingine mgongoni, mingine bondeni, nadhani kulingana na siku aliyoamkia. Picha nitaweka, simu imeishiwa chaji.

#6 Nondo12
Fundi maiko huyo wa kwanza, kimbia. Akishachukua hela ya vifaa utamtafuta mpaka Chanika.

#7 DadaWaHadiwea
Nifafanue geji, maana kila siku nabishana na wateja dukani. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mtu anakuja anasema "nipe 32, sitaki hii nyepesi ya 28". Nacheka kimoyomoyo, namwelekeza.

Geji 30 kwa banda la gari inatosha kama papi zimekaribiana. Ila usiishie kusoma maandishi kwenye bati. Nenda na mtu mwenye maikromita au ulizia unene kwa milimita uandikwe kwenye risiti. Geji 30 iwe karibu na 0.3. Ukipewa 0.2 na ushee, hiyo ni ya kufunikia mkaa.

#8 KaptenKigamboni
Mnaongelea geji na nyuzi, hamjaongelea upepo. Banda la gari liko wazi pembeni, upepo unaingia chini na kulisukuma juu, na juu kwenyewe unalivuta. Siku zile za kimbunga Hidaya, Mei 2024, huku kwetu kuna banda liling'oka na papi zake likakaa juu ya mwembe. Bati hazikutoka hata moja! Fundi alizikaza bati kwenye papi vizuri sana, ila papi alizigusisha tu kwenye chuma kwa misumari miwili. Papi zifungwe kwa bolti au mikanda ya chuma, na nguzo ziwe na zege ya kutosha chini.

#9 Sikujui
Kumbe mwembe ndio uliokuwa na msingi mzuri.

#10 MamaWaMbweni
Baba Zuu, kabla hujang'oa chochote: ukuta. Banda lolote lililoegemea nyumba, mimi nashuku pale bati linapokutana na ukuta. Langu lilikuwa linavuja hivyo hivyo, nikabadili bati zote, likaendelea. Kumbe maji yanaingia kwenye ufa wa plasta juu, yanashuka nyuma ya flashingi (kipande cha bati kinachoziba pale paa linapokutana na ukuta), yanatembea chini ya papi, yanadondoka mbali kabisa na yalipoingilia. Flashingi ilikuwa imebandikwa juu ya plasta kwa silikoni. Dawa ni kuchimba mfereji ukutani, kuiingiza humo, na kuziba kwa udongo wa simenti. Bati langu la zamani halikuwa na kosa.

#11 InjiniaWaSebuleni
#10 dada yangu, la ukuta kweli, ila simenti mbichi na bati havipatani. Simenti ina ukali unaokula zinki na alumini ikiwa imelowa. Simenti ikimwagikia bati ifutwe na kuoshwa siku hiyohiyo.

#12 FundiNyundo
Tumejenga na simenti miaka yote.

#13 InjiniaWaSebuleni
Na miaka yote pale ukutani ndipo kutu inapoanzia. Angalia.

#14 ChumaChakavu
Mleta mada, swali moja. Linavuja wakati wa mvua tu, au hata asubuhi ambayo haikunyesha?

#15 BabaZuu
Mkuu #14 umenishtua. Mwezi wa saba, hakuna mvua, nimewahi kukuta matone kwenye gari alfajiri. Nilidhani paka.

#16 ChumaChakavu
Siyo paka. Ni umande. Paa jembamba usiku linapoa kuliko hewa yenyewe, kwa sababu linatoa joto lake moja kwa moja kwenye anga lisilo na mawingu. Hewa ya Dar imejaa unyevu, ikigusa bati la baridi inageuka maji upande wa chini. Yanajikusanya, yanateremka mpaka kwenye papi, yanadondoka. Ukiweka bati la chuma hilo litaendelea, pengine litazidi. Kwa hiyo unatibu magonjwa mawili kwa sindano moja.

#17 KaptenKigamboni
Umande wa kudondosha, Dar? Labda Njombe. Mimi nakaa ufukweni na bati langu alfajiri ni kavu.

#18 ChumaChakavu
Ufukweni kuna upepo wa usiku. Segerea bondeni hakuna. Muulize yeyote anayefuga kuku Pugu au Kisarawe ikoje chini ya bati mwezi wa saba alfajiri.

#19 MkeWaMtu
Hivi na kunguru hamjawataja? Huku Upanga wale kunguru wa kijivu wanaokota mifupa na mawe wanayaangusha juu ya paa. Plastiki iliyozeeka ikipigwa na mfupa wa paja la kuku kutoka juu, imekwenda. Nilipanda kwetu nikakuta vitundu na mifupa pembeni.

#20 Nondo12
Sasa kesi imefika kwa kunguru.

#21 MzeeWaIlala
Wasionewe bure, ingawa si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mjini, wakavuka bahari. Na bati nalo ni mgeni. Chuma cha migongo kilisajiliwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyekuwa kwenye kazi za bandari. Kuchovya chuma kwenye zinki kisishike kutu kulikuja baadaye, hataza ya Mfaransa Sorel mwaka 1837. Ile migongo si urembo, ndiyo inayolifanya bati jembamba libebe uzito bila kupinda.

#22 Sikujui
Shikamoo mzee. Kwa hiyo linavuja kwa nini?

#23 MzeeWaIlala
Marahaba. Kwa sababu wamelilaza.

#24 BabaZuu
Nimerudi na taarifa za ziada. Ukutani siwezi kunyanyua zaidi ya sentimita 10, juu kuna dirisha la jikoni. Getini siwezi kushusha, shemeji anakuja na Noah yenye keria. Kwa hiyo nyuzi 5 za #3 naziona kwa macho tu. Na Mama Zuu kasema usiguswe mwanga wa jikoni, bati la chuma litamfanyia giza.

#25 InjiniaWaSebuleni
Basi geuza mteremko. Badala ya kwenda mita 6 kuelekea getini, teremsha kwa upana, mita 3 na nusu. Sentimita 35 (25 ulizonazo na hizo 10) juu ya mita 3 na nusu ni sentimita 10 kwa mita, karibu nyuzi 6. Umepata. Na bati linakuwa zima bila kiungo katikati.

#26 BabaZuu
Upande upi sasa? Kulia ni jirani, kushoto kibaraza changu.

#27 Nondo12
Kulia! Maji yaende kwa jirani, si ndiko turubai lilikoenda.

#28 MamaWaMbweni
Usimsikilize huyo. Maji ya paa kwa jirani ni kesi ya serikali ya mtaa ndani ya wiki. Mimi nimeshakaa kikao kama hicho, mwenyekiti, mjumbe, na mzee mmoja ambaye hakuna aliyejua kaja kwa nini, wote tunaangalia bomba. Teremsha kushoto, weka gata ndani ya mpaka wako.

#29 MtuWaSheria
Na kwa kubadilisha umbo la banda, ulizia kibali cha ujenzi manispaa ya Ilala. Kubadili bati tu ni ukarabati, kunyanyua na kugeuza ni jambo jingine.

#30 MzeeWaIlala
Manispaa ya Ilala haipo tena, kijana. Tangu 2021 ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Wilaya ndiyo imebaki Ilala.

#31 MtuWaSheria
Sawa mzee, Jiji. Foleni ni ileile.

#32 FundiNyundo
Kugeuza mteremko si maneno. Papi zote zinageuka mwelekeo, nguzo zinaongezwa upande mmoja, mtu wa kuchomelea anaingia. Gharama imeshapita ya bati. Njia ya kati: uache mteremko ulivyo, uongezee hizo sentimita 10 ukutani, chukua bati za migongo mipana za kukatiwa kiwandani kwa urefu wa mita 6 na kitu, kipande kimoja toka ukutani mpaka kwenye gata. Mgongo wake umesimama juu zaidi kuliko wa migongo midogo, maji yanabaki bondeni hata mteremko ukiwa mdogo. Hakuna kiungo katikati, na nina uhakika ndipo anapovujia. Kiungo cha kupandana kwenye banda lililolala vile maji yanapanda kinyumenyume, yananyonywa katikati ya bati mbili kama utambi.

#33 InjiniaWaSebuleni
35 kwa mita 6 bado ni nyuzi 3 na kidogo. Kuna migongo mipana inayokubali hapo, kuna isiyokubali. Lazima aulize kiwandani kwa aina anayonunua.

#34 DadaWaHadiwea
#32 yuko sawa, na la giza lina dawa. Ulizieni bati moja au mbili za kupitisha mwanga zenye migongo ileile ya bati la chuma, ziwekwe juu ya dirisha la jikoni. Zingatieni zifanane migongo. Mtu ananunua bati huku na plastiki kule, havikaliani, anajaza silikoni, halafu anakuja kunilaumu mimi.

Skrubu chukua zenye mpira mweusi mzuri. Mpira ukikazwa mpaka umejitokeza pembeni umeshauua, ukiachwa unachezacheza nao hausaidii. Ushike tu.

#35 ChumaChakavu
Nyongeza kwenye skrubu. Bati la mita 6 usiku lina nyuzi joto 22, mchana wa jua linafika 60. Chuma kinatanuka milimita 12 kwa kila mita 1000 kwa nyuzi moja, kwa hiyo bati hilo linarefuka na kufupika karibu milimita 3 kila siku. Ndiyo zile kelele za ta! ta! saa tatu asubuhi. Msumari unang'oka taratibu, skrubu inavumilia zaidi.

Na msikate bati kwa grenda. Cheche zinaunguza zinki, zile chembe za chuma zikibaki juu zinashika kutu mvua ya kwanza tu. Mkasi wa bati upo.

#36 KaptenKigamboni
Kwa walio karibu na bahari, mjue kitu kimoja: kutu inaanza chini, siyo juu. Juu mvua inaosha chumvi. Chini ya banda mvua haifiki, chumvi inakaa na unyevu unakaa. Mimi huwa napiga maji upande wa chini kwa mpira. Majirani wanadhani naosha dari la gari.

#37 MkeWaMtu
Segerea hakuna bahari.

#38 KaptenKigamboni
Nimesema "kwa walio karibu".

#39 Mfugaji_Pugu
Salaam. Kuna aliyesema mbao za papi ni za dawa au za kawaida? Zile za dawa zenye rangi ya kijani dawa yake ina shaba. Mbao ikiwa mbichi na bati likawa la aluzinki (lililopakwa alumini na zinki), shaba inakula bati pale zinapogusana kukiwa na majimaji. Mbao zikauke vizuri kwanza, au pawe na kitu cha kutenganisha.

#40 FundiNyundo
Hapo sasa mnamtisha mtu. Banda la gari hili, siyo uwanja wa ndege.

#41 BabaZuu
Wakuu, mmenichanganya lakini nimefaidika. Jana jioni nimefanya kama jamaa mmoja wa ofisini alivyonielekeza: mpira wa kumwagilia, unaanza chini kwenye gata, unamwaga taratibu muda mrefu, mtu yuko chini anaangalia, halafu unapanda kidogo kidogo kuelekea ukutani. Mama Zuu alikaa chini na tochi.

Gata: kavu. Bondeni kwenye misumari ya chini: matone mawili matatu. Kwenye kiungo cha katikati: ikaanza kudondoka. Nikajua kesi imekwisha. Nikapanda mpaka ukutani kumalizia tu, nikamwaga juu ya plasta, Mama Zuu akapiga kelele, maji yanatoka kwa nguvu kuliko yote, ila yanadondokea karibu na kiungo hichohicho cha katikati.

#42 MamaWaMbweni
Nilisema ukuta.

#43 FundiNyundo
Nilisema misumari na kiungo.

#44 InjiniaWaSebuleni
Mkipanda kutoka chini, maji ya ukutani yanashuka mpaka kwenye kiungo pia. Kwa hiyo hujui yameingia nyuma ya flashingi au yameteremka juu ya bati yakaingia kwenye kiungo. Funika kiungo kwa karatasi ya nailoni umwage tena ukutani peke yake. Na bado nasema mteremko.

#45 ChumaChakavu
Na hakuna kati yenu aliyeeleza matone ya mwezi wa saba.

#46 MkeWaMtu
Kunguru anakunywa maji jamani.

#47 BabaZuu
#44 nitafanya Jumamosi, maji ya bomba leo hayatoki. Ndiyo imenikumbusha, si ningeyavuna tu ya mvua?

#48 InjiniaWaSebuleni
Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Banda lako ni mita 21 za mraba. Mvua moja ya masika ya milimita 50 ni lita 1050, ukitoa yanayomwagika tenki la lita 1000 linakaribia kujaa.

#49 DadaWaHadiwea
Maji ya mwanzo yamwageni yaoshe vumbi na mavi ya hao kunguru. Gata iwe na wavu, na isafishwe kabla ya mvua. Mwarobaini unaangusha majani kama umelipwa.

#50 MzeeWaIlala
Tahadhari moja kwa wengine wanaosoma. Baba Zuu lake ni plastiki, sawa. Ila nyumba za zamani za mjini zipo zilizoezekwa zile bati za simenti za kijivu zenye asbesto. Hizo msizivunje kwa nyundo wala kuzikata kavu, vumbi lake ni saratani ya mapafu inayokuja baada ya miaka mingi. Zilowesheni, zitolewe nzima, na mtu anayejua.

#51 Sikujui
Baba Zuu, fundi wa kwanza amesemaje ulipomwambia matokeo?

#52 BabaZuu
Amesema "si nilikwambia". Fundi wa pili naye amesema hivyohivyo. Wa kwanza anataka adivansi leo maana bei ya bati inapanda Jumatatu.

#53 Nondo12
Chanika hiyooo!

#54 FundiNyundo
Bei ya bati haipandi Jumatatu. Nitafute faragha, nakuja kupima bure, nipo Kinyerezi.

#55 InjiniaWaSebuleni
Na wewe ndio umekuja kutafuta kazi?

#56 FundiNyundo
Nimekuja kusaidia mwenzangu. Kazi ikitokea sitaikataa.

#57 kijana_wa_goba
Habari wakuu, uzi mzuri. Mimi nina banda la kuku, mteremko upo wa kutosha, geji 32 haitafaa? Na kuku wanahitaji mwanga kiasi gani?

#58 Sikujui
Anzisha uzi wako mkuu. Huu umejaa.

#59 Mfugaji_Pugu
Njoo nikujibu mimi. Geji 32 mvua ya mawe ikipiga, au fundi akikanyaga katikati ya papi, ndiyo hivyo. Kuku wa mayai au wa nyama?

#60 kijana_wa_goba
Wa kienyeji.

#61 Mfugaji_Pugu
Wa kienyeji watalala juu ya mwembe hata ukiwajengea ghorofa.